Kukausha maziwa: mtoto kuacha ni jambo moja, titi kuacha ni jingine

"Mtoto nimeshamwachisha, sasa nataka nikaushe maziwa." Sentensi hii naisikia kliniki, naisikia saluni, naisoma kwenye magrupu ya akina mama ya WhatsApp, na karibu kila mara anayeisema anazungumzia jambo la siku moja. Ijumaa mtoto kapelekwa kwa bibi yake. Jumamosi kifua kimefungwa kanga. Jumapili anaulizia dawa ya kukaushia. Jumatatu anakuja kliniki mikono ameiweka mbali na mwili, kama mtu aliyeungua, kwa sababu hata kwapa linauma.

Maana yenyewe ni fupi. Kumwachisha mtoto ziwa, au kumlikiza kama wasemavyo wazee wa pwani, ni kumtoa kwenye kunyonya hadi alishwe na kunyweshwa vitu vingine. Kukauka kwa maziwa ni titi kuacha kutengeneza maziwa kwa kuwa hayatolewi tena. La kwanza unaliamua wewe na familia yako. La pili linafanywa na mwili kwa mwendo wake, wa siku hadi wiki kadhaa. Tukiyaita yote mawili "kukausha", mama anajiona amechelewa siku ya pili tu, na hapo ndipo anapoanza kujiumiza.

Titi hutengeneza maziwa kwa kufuata yaliyotoka. Muuza maandazi hukanda unga wa kesho kwa kuangalia yaliyobaki leo, na titi nalo liko hivyo hivyo. Mtoto anaponyonya, ubongo hutoa homoni ya prolaktini inayoamrisha maziwa yatengenezwe, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Asiponyonya, maziwa hubaki ndani, na kule kubaki kwenyewe huziambia seli za titi zipunguze kazi. Ishara hiyo hufanya kazi kwa kila titi peke yake. Ndiyo maana mtoto aliyezoea upande mmoja anaweza kuliacha titi la kushoto likauke kabisa, huku la kulia likiendelea kama kawaida, na mama ni yule yule.

Kwa hiyo kujaa ni sehemu ya kukauka. Ukikatisha ghafla, matiti hujaa ndani ya siku moja na huwa mabaya zaidi siku ya pili na ya tatu: magumu, yanang'aa, mishipa imejitokeza, chuchu imelala bapa. Maumivu hufika kwapani kwa kuwa nyama ya titi inafika huko. Baadaye hulainika yenyewe, ingawa kwa wengine inachukua wiki moja au mbili.

Sasa nifike kwenye kauli ninayotaka hasa kuizungumzia: "Usikamue, utayaita." Huyu kaambiwa na mama mkwe, yule kaambiwa na shoga yake, na mwingine kaambiwa na mhudumu wa afya. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayofanya nusu ya pili iaminike. Ni kweli kwamba ukilikamua titi likabaki tupu, asubuhi na jioni, unaliambia mtoto bado yupo. Litaendelea kujaa, nawe utaendelea kukamua, na wiki zitapita. Huko ni kukamua kwa kumaliza, na anayemlikiza mtoto hapaswi kufanya hivyo.

Lakini kuna kukamua kwa kupunguza, na huku hakuyaiti maziwa. Unatoa kiasi cha kuondoa ule ugumu tu, kisha unaacha. Maziwa mengi yamebaki ndani, na ishara ya "punguza kazi" inaendelea kufanya kazi. Mama anayenyimwa hata hiki kidogo, kwa jina la kukausha, anabaki na titi lililokaza hadi mirija inabanwa, na kutoka hapo si mbali na homa.

Namna yake ni hii. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, pembeni kidogo mwa lile duara jeusi linalozunguka chuchu, mkono ukae kama herufi C. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane taratibu, achia, rudia. Usivute chuchu wala usisugue ngozi, maana havitoi maziwa na vinachubua. Matone ya mwanzo hukawia kidogo, kisha hufuatana. Unapohisi titi limelegea na maumivu yamepungua, acha hapo hapo hata kama maziwa bado yanachuruzika. Wengine hufanya hivi wakiwa bafuni na maji ya uvuguvugu yakiwapita mgongoni, na maziwa hutoka kwa urahisi zaidi. Ukihitaji kurudia baada ya saa kadhaa, rudia. Kila siku utaona unahitaji kidogo kuliko jana.

Kanga nayo ina hoja yake, kwa sababu tumeirithi kwa mabibi, nao waliifunga kwa nia njema. Titi lililojaa linataka kushikiliwa lisining'inie. Halitaki kubanwa. Nimemfungua mama mmoja kanga iliyozungushwa mara kadhaa na kupigwa fundo mgongoni, nikakuta mstari wa pindo umechimba ngozi juu ya titi, na chini ya mstari ule uvimbe mgumu mrefu: pale palipobanwa ndipo maziwa yalipokwama. Sidiria inayokaa vizuri, isiyo na waya, hata usiku, inatosha. Ikiacha alama nyekundu au mfinyo, ni ndogo mno.

Mengine ya kutuliza ni mepesi. Kitambaa cha baridi, au barafu iliyofungwa kwenye taulo, kwa dakika kumi hadi ishirini, mara kadhaa kwa siku. Majani ya kabichi yaliyowekwa kwenye friji yanawasaidia wengi. Ushahidi kwamba yanakausha maziwa ni dhaifu, ila ubaridi wake unatuliza na hayana madhara kama ngozi haijachubuka. Parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni inashusha uvimbe vizuri zaidi, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, na si kwa mjamzito, jambo ninalolisisitiza kwa sababu wengi wanaomlikiza mtoto kwa ghafla ni wajawazito. Kujinyima maji hakupunguzi maziwa. Kunakupa kiu na kichwa kuuma.

Kuhusu vidonge vya kukaushia: vipo, na si vya kununua dirishani duka la dawa kwa kutaja jina aliloandika mtu kwenye grupu. Bromokriptini ilitumika miaka mingi kwa kazi hiyo, hadi Marekani ilipoondolewa kwenye matumizi hayo miaka ya 1990 baada ya wanawake kadhaa kupata kiharusi, degedege na mshtuko wa moyo. Kabagolini hutolewa hospitali kwa sababu maalumu, hasa mara baada ya kujifungua, kwa mfano mtoto anapokuwa amefariki. Mama aliyenyonyesha mwaka mzima hana sababu ya kuanzia huko.

Haya yote yasingehitajika sana kama tungeachisha polepole. Ondoa zamu moja ya kunyonya, anza na ya mchana ambayo mtoto huisahau akipewa uji au tunda, kaa siku tatu hadi wiki, matiti yazoee, kisha ondoa nyingine. Ya usiku na ya alfajiri ziwe za mwisho. Wengine humaliza kwa mwezi, wengine kwa miezi miwili, na matiti hayajai kabisa njiani. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake, kisha kunyonyesha pamoja na chakula kingine hadi miaka 2 na kuendelea, kwa hiyo muda wa kupunguza upo.

Najua kinachotuharakisha. Kwetu Tanzania kuna hofu ya mtoto kubemendwa: mama akikutana na mume au akishika mimba, inaaminika maziwa yameharibika na mtoto atadhoofika, kwa hiyo anatolewa ziwani siku ile ile. Maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Mimba hubadilisha ladha na kupunguza wingi, na wajawazito wengi wazima wanaweza kuendelea kunyonyesha au kupunguza taratibu. Mtoto anayedhoofika baada ya kuachishwa ghafla mara nyingi amenyimwa maziwa kabla hajazoea chakula, kisha lawama inaangukia maziwa. Shubiri au mwarobaini vikipakwa kwenye chuchu, mtoto anakataa kwa siku moja na titi linapata habari kwa siku moja. Pilipili naiomba iachwe kabisa, inaunguza chuchu na kuingia machoni mwa mtoto.

Hata kwa akina mama wenye VVU, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi yao walishauriwa kukatisha mapema na kwa ghafla, ushauri umebadilika. Utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, ulionyesha kwamba baada ya kukatisha ghafla virusi kwenye maziwa viliongezeka, na watoto hawakupata nafuu iliyotarajiwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba anayeamua kuacha aache taratibu, ndani ya mwezi mmoja, na dawa za VVU ziendelee.

Neno jingine linalotumika vibaya hapa ni "maziwa yameganda". Linabeba mambo matatu yenye matibabu tofauti. Kujaa ni matiti yote mawili kuwa magumu, joto la mwili halijapanda au limepanda kidogo tu. Mrija kubanwa ni kivimbe kimoja kinachouma, na wewe mwenyewe ni mzima. Ugonjwa wa titi ni sehemu ya titi, kwa kawaida moja, kuwa ya moto na kuuma sana, pamoja na homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kutetemeka na viungo kuuma. Vitabu vinasema "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo linganisha kwa kiganja joto la titi hili na lile, na tazama kama ngozi inang'aa au imekolea. Na kwa kuwa homa yenyewe inafanana na malaria, wapo wanaomeza dawa ya malaria siku tatu titi likiwa linawaka chini ya nguo. Ukiwa na homa na unamlikiza mtoto, mwambie mhudumu habari za titi hata kama hajauliza.

Dalili hizo zisipopungua ndani ya saa 24, au ukizidiwa kabla ya hapo, nenda kituo cha afya, huenda unahitaji antibayotiki. Zamani tulifundishwa kuweka kitambaa cha moto na kulikanda titi kwa nguvu hadi uvimbe uvunjike. Mwongozo wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha madaktari wa mambo ya kunyonyesha, wa mwaka 2022 umeliacha hilo: ukandaji wa nguvu huongeza uvimbe na kuumiza nyama za ndani. Baridi, dawa ya maumivu, mkono mwepesi. Kama ugonjwa umekupata katikati ya kuachisha, simamisha kuachisha kwanza. Maziwa ya titi hilo si sumu kwa mtoto, hata yakiwa "yamelala" siku nzima, maana ndani ya titi hayachachi. Kivimbe kisichoisha, kinachobonyea kama kina maji ndani, chaweza kuwa jipu, nalo hutolewa usaha kwa sindano au kwa kupasuliwa.

Jambo linalosahaulika ni moyo wa mama. Homoni zinaposhuka, wapo wanaolia bila kujua kwa nini, hata waliotamani sana kuacha. Kwa wengi hupita baada ya siku chache. Isipopita, isemwe kliniki kama vile titi linavyosemwa.

Na kwa dada anayeniuliza, mwezi wa pili sasa, "mbona nikibinya bado yanatoka, hayajakauka?" Yamekauka, dada yangu. Titi laini lisilojaa limekwisha kazi yake. Matone machache ukibinya yanaweza kuendelea kwa wiki nyingi, hata miezi, na kule kubinya kila jioni ili kuhakikisha ndiko kunakoyaweka. Acha kubinya. Yakitoka yenyewe bila kubinywa, upande mmoja tu, au yakiwa na damu, hapo si habari ya kukausha tena, njoo tulitazame titi lenyewe.