Kumuona mfungwa hakuuzwi

Mombasa kuna neno lililozoeleka: ukienda gereza la Shimo la Tewa kumuona mtu wako, usiende mkono mtupu, lazima askari wa mlangoni apate "ya chai". Si kweli. Kumtembelea mfungwa au mahabusu hakuna ada. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 51, inasema aliyezuiliwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezekani akiwa ndani.

Nadhani uvumi huu hulishwa na watu kurudishwa. Mama ametoka Likoni alfajiri, kavuka feri, kapanda matatu ya Mtwapa na hotipoti ya pilau mapajani. Mlangoni anaambiwa chakula hakiingii, naye anawaza: huyu anataka kitu. Kumbe huenda ni tahadhari tu, maana ndani ya wali hufichwa mengi, laini ya simu, hata bangi.

Beba kitambulisho. Simu iache nje. Jina la mtu wako liseme kama lilivyoandikwa mahakamani. Ukimuulizia "Kadzo" na daftari lina jina la ubatizo, mtatafutana hadi adhuhuri. Halafu piga simu kwanza uulize siku, kwani za mahabusu na za waliohukumiwa huweza kutofautiana.