Kiwanda cha chuma kando ya ziwa: hesabu huanza na upepo

Wateja wengi wanaonijia hapa Mwanza wakitaka kujenga kiwanda cha fremu za chuma huniuliza kwanza nguzo zitakuwa nene kiasi gani, kana kwamba hofu kubwa ni jengo kuelemewa na uzito wake. Jengo la aina hii ni jepesi mno. Mabati, papi za chuma na fremu zenyewe, vyote kwa pamoja, huwa karibu kilo 25 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, na kwa sababu hiyo ninachokihofia mimi ni dhoruba zitokazo ziwani, kwani upepo ukipita juu ya paa lenye mteremko mdogo hulivuta kwenda juu.

Tuchukue mfano. Upepo wa mita 40 kwa sekunde una mgandamizo wa takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa fremu ina upana wa mita 24 na kutoka fremu moja hadi nyingine ni mita 6, kila nguzo inahudumia mita za mraba 72 za paa. Nikichukulia kwamba mvuto juu ya paa unalingana na mgandamizo huo, kisha nikatoa uzito wa jengo, nguzo moja inavutwa kwenda juu kwa tani 5.4. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi, kwa hiyo zaidi ya mita mbili za ujazo zinahitajika chini ya kila nguzo ili msingi using'oke tu, na hapo bado sijaweka nyongeza ya usalama. Fundi aliyezoea nyumba za matofali huona mashimo hayo ni ubadhirifu.

Mlango nao huingia katika hesabu. Mlango mkubwa wa malori unaotazama ziwa ukiachwa wazi wakati wa dhoruba, upepo huingia ndani ukakosa pa kutokea, ukalisukuma paa kutoka chini huku ule wa nje ukilivuta. Napendelea mlango huo uwe upande wa nchi kavu, ingawa mwenye mali mara nyingi anataka uangalie gati.

Kuhusu ardhi, majabali yetu yana hila. Jiwe kubwa linaloonekana juu huenda limekaa tu juu ya udongo, si sehemu ya mwamba, na hatua chache kutoka hapo unakuta udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nguzo moja ikisimama juu ya mwamba na jirani yake juu ya udongo huo, fremu itapinda. Panapokuwa na mwamba halisi tunanufaika, maana tunautoboa, tunapandikiza nondo, na ule mzigo wa zege unapungua sana.

Niliwahi kuitwa kukagua ghala ambalo kuta zake zilikuwa zikitikisika. Vyuma vya mshazari kati ya nguzo mbili za mwisho vilikuwa vimekatwa ili kupata njia ya forklifti. Vilionekana vyembamba, basi mtu akadhani ni mapambo. Kumbe ndivyo vilivyokuwa vikizuia fremu zote zisilale upande mmoja kama vitabu kwenye rafu. Tulirudisha mshazari katika nafasi nyingine ya nguzo, na njia ikabaki.

Chuma kutanuka kwa joto si tatizo kubwa kwa majengo ya ukubwa wa kawaida: mita 60 zikipata ongezeko la nyuzi 30 hurefuka milimita 22 hivi, na matundu marefu ya bolti hutosha.

Kutu ni jambo jingine, hasa katika viwanda vya samaki, ambako sakafu huoshwa kila siku kwa maji yenye klorini. Paa hubaki zima huku kitako cha nguzo kikiliwa. Katika kiwanda kimoja nilipiga magoti, nikachokonoa kwa bisibisi pale nguzo inapoingia sakafuni, na chuma kikabanduka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu. Rangi ya juu yake ilikuwa mpya kabisa. Tangu hapo kitako nakiinua juu ya kigingi cha zege, milimita 200 kutoka sakafuni, uso wa kigingi ukiwa na mteremko wa kumwaga maji, na naagiza matundu yote yatobolewe kabla chuma hakijachovywa kwenye zinki.