Ramen Japani: sio lazima uvute tambi kwa kelele

Wengi wanaoenda Japani wameambiwa eti ukila ramen (tambi za Kijapani kwenye supu ya moto) bila kuzivuta kwa kelele mpishi anachukia, yani ukila kimya umemtukana. Hapana jamani, sio hivo. Kelele inaruhusiwa, hailazimishwi. Wanavuta kwa sababu tambi zinatoka kwenye supu ya moto sana na ile hewa inayoingia nazo mdomoni inazipoza kidogo alafu harufu ya supu inapanda puani, basi utamu unausikia zaidi. Kama hujazoea we kula kimya tu, hata Wajapani wengine wanakula hivohivo.

Cha kuzingatia ni muda. Migahawa maarufu mara nyingi ina viti vichache vya kaunta na foleni iko nje, sehemu nyingi unanunua kwanza tiketi kwenye mashine pale mlangoni, unampa mhudumu ndo unasubiri chakula. Bakuli likifika anza kula hapohapo, maana tambi zikikaa kwenye supu zinalainika na kazi yote ya mpishi inapotea. Kule mji wa Fukuoka ramen yao ni tonkotsu, supu ya mifupa ya nguruwe (Waislamu muwe makini hapa), tambi zake nyembamba sana zinalainika haraka, ndo maana wanakuwekea kiasi alafu ukizimaliza unaagiza kaedama, tambi za kuongeza kwenye supu iliyobaki, kwaiyo supu usiinywe yote mapema. Ukishiba inuka umwachie mwenzio kiti. Bakshishi usiache, hawana desturi hiyo.