Je, wajua kwa nini saisi humgandamia farasi anapopita nyuma yake?

Mtazame saisi aliyeizoea kazi yake. (Saisi ni mtunza farasi, neno lina asili ya Kiarabu.) Akitaka kupita nyuma ya farasi aliyefungwa, hajisogezi kando hatua mbili tatu kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Anamsemesha kwanza, anamwekea kiganja mgongoni, kisha anapita akiwa amemgandamia kabisa, mkono ukiteleza juu ya makalio ya mnyama mpaka atokee upande wa pili. Mgeni hushtuka: mbona anajipeleka kwenye mateke?

Jibu la kwanza liko mguuni. Farasi anapopiga teke la nyuma huukunja mguu, halafu huufyatua. Kwato huongeza kasi kadiri mguu unavyonyooka, kwa hiyo anayeumia vibaya zaidi ni yule aliyesimama nyuma kidogo, pale kwato inapomfikia na kasi yake yote. Aliyegusana na mnyama husukumwa kabla kasi haijakusanyika. Anaweza kuanguka, anaweza kuvilia damu, lakini hilo si sawa na kwato ya mnyama wa kilo 500 kutua kifuani. Ukiwa na nafasi ya kutosha, pita mbali kabisa, mita nne au zaidi, na hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Pabaya ni pale katikati, ambapo mtu hudhani amechukua tahadhari.

Jibu la pili liko kwenye jicho, na hili ndilo ningependa kila anayeanza kazi ya farasi aelezwe siku ya kwanza, kabla hajapewa hata koleo la kuzolea samadi. Macho ya farasi yamekaa pande mbili za kichwa. Huona karibu nyuzi 350 kati ya 360 za mduara unaomzunguka. Ni macho ya mnyama anayewindwa. Asipopaona ni pembe nyembamba iliyo nyuma ya mkia wake, na tena mbele kabisa ya paji la uso na chini ya pua. Ukimjia kwa nyuma kimya kimya, kwake yeye hupo. Halafu ghafla kuna kitu kinamgusa mguu. Mababu wa farasi waliongoja kwanza wajue ni nani hawakuacha watoto.

Ndiyo maana sipendi kusikia "shukrani ya punda ni mateke" ikisemwa zizini. Punda na farasi ni ndugu, na msemo huo humgeuza mnyama kuwa mtovu wa fadhila, kana kwamba teke ni tabia isiyo na sababu. Kijana akivunjwa mbavu, kesi inafungwa hapo: farasi ndivyo walivyo. Kumbe mara nyingi teke ni woga au maumivu, na vyote viwili huonekana mapema kwa anayejua kutazama. Masikio yakilala nyuma hadi kushikana na shingo, rudi nyuma. Mkia ukibanwa au ukichapwachapwa bila nzi, jiulize kuna nini. Na asikudanganye kwa utulivu wake: farasi husinzia akiwa amesimama, maana miguu yake ina kano zinazofunga viungo bila kuichosha misuli. Huyo anayeonekana mpole huenda hayupo macho, na ukimgusa bila kumsemesha unamwamsha kwa hofu. Sauti ya saisi ni kinga yake ya kwanza.

Mkono nao una hatari zake. Kamba ya kuongozea haizungushwi kiganjani hata siku moja; hukunjwa mikunjo inayolala juu ya mkono, ili farasi akichomoka kamba iteleze na vidole vibaki. Anayesafisha kwato au kufunga bandeji mguuni huinama au huchuchumaa. Hapigi magoti wala haketi, kwa sababu aliyeketi hawezi kuruka kando.

Kuna hatari nyingine isiyo na mguu. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, cha farasi kikiwemo. Lisikilize jina lenyewe: punda yumo ndani yake. Msumari uliodondoka kutoka kwenye kiatu cha farasi na kumchoma mtu unyayoni unatosha. Kwetu mama mjamzito huchanjwa dhidi ya pepopunda kliniki. Mwanaume anayeshinda kwenye samadi anaweza kumaliza miaka mingi pasipo mtu kumuuliza alichanjwa lini. Mwajiri wake ndiye anayepaswa kumuuliza. Vumbi la majani makavu yaliyoota ukungu nalo huharibu mapafu polepole. Yapeleke nje, usiyatikise bandani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007, na ile ya Tanzania ya 2003, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kwa saisi maana yake ni buti ngumu na kofia ya kuzuia kichwa kisipasuke, hata kama kazi yake yote anaifanya chini na hapandi kamwe.

Na jioni, wakati wa kumwachia farasi malishoni, usimfungulie akiwa ameelekea uwanjani. Mpitishe langoni, mgeuze mpaka kichwa chake kikuelekee wewe na lango liwe mgongoni pako, ndipo uvue kamba na urudi kinyumenyume. Atageuka, atatimua mbio, na mara nyingi atarusha miguu ya nyuma hewani. Hapo hajaogopa chochote wala hana kinyongo na mtu. Amefurahi tu kuwa huru, na teke la furaha lina uzito uleule.