Migomba ya Kilimanjaro si msitu wa asili

Ukipanda daladala kutoka Moshi mjini kwenda Marangu, utamsikia abiria akisema, "Huku Mungu katupa msitu." Ule ukijani wa Himo kwenda juu si msitu uliojiotea. Ni vihamba, mashamba ya ukoo yaliyopandwa na kutunzwa kwa mikono vizazi na vizazi. Mgomba wenyewe asili yake ni Asia.

Ingia ndani ya kihamba kimoja uangalie. Juu kabisa kuna mringaringa na mruka, miti iliyoachwa makusudi kwa kivuli, mbao na malisho. Chini yake migomba, kisha kahawa, na ardhini kabisa magimbi na maharage. Mpakani yamesimama masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Samadi ya ng'ombe wa zizini inarudi kwenye mashina ya migomba, na majani ya migomba yanarudi zizini. Hakuna msitu unaojipanga hivyo!

Kahawa nayo wengi huidhania ya tangu enzi. Ililetwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, ikapenyezwa katikati ya migomba iliyokuwapo tayari.

Linaloniuma zaidi ni kusikia kwamba mifereji ya maji ya vihamba ilichimbwa na Wajerumani. Wachagga walikuwa wakiteremsha maji ya mito ya mlimani kwa mifongo, yaani mifereji yao, kabla ya ukoloni, wakiyakusanya kwenye nduwa, mabwawa madogo, na kugawana kwa zamu. Kila ukoo ulijua siku yake, na asiyetokea kusafisha mfongo alinyimwa maji.