Neno linalotafutwa na wengi si lazima liwe neno lako

Wiki hii nimeombwa tena, na mteja mwingine, nimtafutie "maneno yenye namba kubwa", yaani yale ambayo watu huyaandika mara nyingi zaidi kwenye Google. Anauza vifaranga na mashine za kutotolesha mayai mkoani Morogoro. Tovuti yake ni nzuri, picha amezipiga mwenyewe bandani kwake, na bei ameziandika wazi, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulikwepa. Alichotaka ni kwamba ukurasa wa mwanzo ujengwe juu ya neno "kuku", kwa sababu alifungua Keyword Planner, chombo cha Google kinachokadiria neno hutafutwa mara ngapi kwa mwezi, akaona neno hilo linatafutwa mno, akahitimisha kwamba hapo ndipo wateja walipo. Imani hiyo hiyo nimeikuta kwa wauza viwanja, kwa wenye shule binafsi na kwa mawakala wa utalii, na kwa kuwa inawala watu fedha pamoja na miezi ya kusubiri bure, nimeona niieleze kwa urefu.

Mtu anayeandika "kuku" peke yake anataka nini? Huenda anataka mapishi, huenda ni mwanafunzi mwenye kazi ya shule, huenda kuku wake wanakufa na hajui ugonjwa, huenda anataka kujua bei ya sokoni kabla ya sikukuu. Google yenyewe haijui, ndiyo maana huchanganya matokeo ya kila namna katika ukurasa mmoja. Hata kama muuza vifaranga wa Morogoro angeshika nafasi ya kwanza, wengi wa watakaomfikia wangeondoka mara moja, maana hawakuja kununua kifaranga. Mawakala wa Arusha wanaong'ang'ania neno "safari" wako katika hali mbaya zaidi: tangu mwaka 2003 hilo ni jina la kivinjari cha Apple pia, kwa hiyo namba kubwa inayowavutia imebeba ndani yake watu wanaotafuta programu ya kompyuta wala hawajawahi kuifikiria Serengeti.

Kutofautisha nia za watafutaji si jambo jipya. Mwaka 2002 mtafiti Andrei Broder aligawa utafutaji wa mtandaoni katika mafungu matatu: wa kupata maelezo, wa kufika kwenye tovuti fulani ambayo mtu anaijua tayari, na wa kutenda jambo, kama kununua au kupakua. Mgawanyo huo una mapungufu yake, lakini unatosha kumfanya mwenye tovuti ajiulize kabla ya kuchagua neno: anayeandika hivi yuko katika hatua gani, nami nina nini cha kumpa?

Sasa tuziangalie namba zenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapochoka kabisa. Keyword Planner ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaolipia matangazo. Akaunti isiyotumia fedha za kutosha kwa matangazo haionyeshwi idadi halisi, bali huonyeshwa kiwango kipana, kwa mfano kati ya 1,000 na 10,000 kwa mwezi, kiasi kwamba neno linalotafutwa mara 1,100 na lile linalotafutwa mara 9,800 yanaonekana sawasawa. Tena chombo hicho huyaunganisha maneno yanayokaribiana na kuyapa namba moja. Kisha ipo safu ya "ushindani", ambayo kila mara naletewa kama ushahidi kwamba neno fulani ni rahisi. Safu hiyo inaeleza ni watangazaji wangapi wanaowania kuweka tangazo kwenye neno hilo. Haisemi lolote kuhusu ugumu wa kupanda katika matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Kwa maneno mengi ya Kiswahili ushindani wa matangazo uko chini kwa sababu tu hakuna anayetangaza, na hapo hapo kurasa zilizoshika nafasi za juu zinaweza kuwa za tovuti kongwe ambazo hutazing'oa kwa mwaka mzima. Naomba sana tuache kuichukua safu hiyo kama kipimo cha SEO, yaani kazi ya kuupandisha ukurasa katika matokeo hayo yasiyolipiwa.

Vyombo vya kulipia, kama Ahrefs na Semrush, vina alama za ugumu za kwao, nami huzitumia kila siku. Hata hivyo ni makadirio ya mtu aliyesimama nje ya nyumba. Alama ya Ahrefs, kwa mfano, inatokana na idadi ya tovuti zilizoweka viungo (link) kuelekea kurasa kumi za kwanza. Haijui kama kurasa hizo zinajibu swali vizuri, na katika Kiswahili, mara nyingi sana, hazijibu.

Kutokana na hayo, neno lililoandikiwa sifuri silifuti. Google imewahi kueleza kwamba takribani asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa kabla. Chombo kinachokusanya takwimu za miezi iliyopita hakiwezi kuyaona, na katika lugha ambayo takwimu zake ni chache, kinakosa hata yale yanayotafutwa mara kwa mara. Nimeona kurasa zinazoletewa wasomaji kila wiki na maneno ambayo vyombo vyote viliyapa sifuri. Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila sifuri ni hazina iliyofichika, kwa sababu nyingine ni sifuri kweli, na kabla ya kuandika ukurasa hakuna njia ya uhakika ya kuzitenganisha. Kinachobaki ni kutafuta ushahidi mwingine.

Ushahidi huo mteja wangu alikuwa nao mfukoni. Nilimwomba afungue WhatsApp ya biashara na kunisomea maswali ya wateja jinsi walivyoyaandika, bila kuyasahihisha. "Vifaranga wa siku moja bei gani?" "Chotara wanaanza kutaga baada ya miezi mingapi?" "Mnatuma Dodoma?" "Mashine ya mayai 100 umeme ukikatika inakuwaje?" Hili la mwisho lilikuwa limeulizwa na watu tofauti tofauti, na ni swali la mtu aliyekwisha kuamua kununua, amebakiwa na hofu moja tu. Mayai ya kuku hukaa kwenye mashine siku 21 katika joto la karibu nyuzi 37.5, na anayeishi mahali ambapo umeme hukatika anajua kwamba usiku mmoja unaweza kumharibia mayai yote. Hakuna chombo kilichomwonyesha maneno "umeme ukikatika". Wateja wake walikuwa wakimwandikia kila mara.

Baada ya kupata maneno ya namna hiyo, kila moja huliandika kwenye Google katika dirisha la faragha, nikasoma matokeo yote ya ukurasa wa kwanza. Hatua hii watu huiruka, ilhali mimi ningeacha vyombo vyote kabla ya kuiacha yenyewe. Zikijaa video, watafutaji wanataka kuona kitu kikifanyika, na maandishi matupu yatahangaika. Yakijaa maduka yenye bei, makala ya maelezo haina nafasi hapo. Ukikuta mijadala ya zamani na kurasa zinazonakiliana, yaani watu wameuliza lakini hakuna aliyewajibu sawasawa, hapo pana nafasi ya kweli.

Chukua mfano wa "ratiba ya chanjo ya kuku". Mtafutaji huyu hahitaji utangulizi kuhusu umuhimu wa ufugaji kwa uchumi wa taifa, na bado ndivyo kurasa nyingi zinavyoanza. Anataka jedwali: siku, ugonjwa, namna ya kutoa chanjo. Ratiba iliyozoeleka kwetu huanza na Newcastle siku ya 7, kisha Gumboro siku ya 14, kisha marudio, na ndui baadaye, na ni vyema ukurasa useme wazi kwamba daktari wa mifugo wa eneo husika anaweza kuibadilisha. Ugonjwa wa Newcastle wengine huuita mdondo, wengine kideri. Majina yote matatu yaingie kwenye ukurasa, kwa sababu wasomaji wake wanayatumia yote.

Hilo halina maana kwamba kila jina litengenezewe ukurasa wake. Oktoba 2019 Google ilitangaza mfumo wa BERT wa kuelewa sentensi, na Desemba mwaka huo ikaupanua hadi lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Kurasa mbili, moja ya "jinsi ya kutunza vifaranga" na nyingine ya "namna ya kulea vifaranga", zitagombania nafasi moja na kudhoofishana. Kuhusu maneno ya kimahali kama kideri, siko tayari kuuamini mfumo peke yake, ndiyo maana nayaandika. Kurudia neno moja katika kila sentensi ni kosa kwa mujibu wa kanuni za Google zenyewe. Na ule mstari wa maneno muhimu uliofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, Google ilisema tangu Septemba 2009 kwamba haiutumii kupanga matokeo, kwa hiyo anayekutoza fedha kwa kuujaza anakuuzia kitu kisichofanya kazi.

Mteja aliniuliza swali la haki: ukurasa wa chanjo utauza vifaranga? Sina jibu la hakika. Siku hizi Google hujibu maswali mengi yenyewe, juu kabisa ya ukurasa wa matokeo, na baadhi ya watu husoma hapo wakaridhika bila kubofya. Ninachoweza kutetea ni kwamba mwenye vifaranga wa siku saba ni mtu atakayenunua kundi jingine, na kwamba ukurasa wa bei na ule wa umeme ukikatika lazima vitangulie kuandikwa. Tumekubaliana kwa mpangilio huo, na neno "kuku" tumeliacha.

Kurasa zikishawekwa mtandaoni, Keyword Planner nitaiweka kando na kufungua Search Console, chombo kingine cha Google, ambayo huonyesha maneno yaliyoileta tovuti hii hasa mbele ya watu, pamoja na mibofyo na nafasi ya wastani, kwa miezi 16 iliyopita, ingawa maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha. Nitaangalia kwanza maneno ambayo ukurasa unaonekana katika nafasi ya 8 hadi ya 20 bila sisi kuyakusudia. Ikiwa ukurasa wa mashine utaanza kuonekana kwa watu wanaouliza kuhusu mayai ya bata, ambayo huchukua siku 28, hatutaanzisha ukurasa mpya papo hapo. Tutaongeza aya inayojibu swali hilo, yenye kichwa chake kidogo, tusubiri wiki kadhaa, kisha tuone kama bata wanastahili ukurasa wao.