Chupa yenye robo ya maji: dhana potofu kuhusu urejelezaji wa taka Dar es Salaam

"Hata nikitenganisha, gari la taka linachanganya zote"

Ni kweli, magari mengi ya taka jijini hubeba kila kitu pamoja na kwenda kumwaga dampo la Pugu Kinyamwezi. Ila sehemu kubwa ya kinachorejelezwa Dar es Salaam haipandi gari hilo. Mwokota chupa au mwenye nyumba hupeleka kwa mnunuzi wa mtaani mwenye mzani, mnunuzi hujaza stoo, lori likaja kupakia kwenda kiwandani. Mnyororo huo wote unaishi kwa bei ya kilo, na bei hiyo hufia nyumbani, pale chupa, boksi na magamba ya samaki vinapotupwa kwenye kiroba kimoja. Boksi likishalowa mchuzi limekwisha: nyuzi za karatasi zenye mafuta hazishikani tena vizuri.

Vyombo vitatu vinatosha. Ndoo yenye mfuniko kwa mabaki ya jikoni. Kiroba cha vikavu, yaani chupa, makopo na maboksi, kikae mahali pasipofikiwa na mvua. Cha tatu ni kwa vitu visivyo na njia nyingine, kama pempasi na pedi. Kopo la maziwa halihitaji sabuni wala maji mapya. Lisuuze kwa maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo.

"Chupa ni chupa, wanaokota zote"

Geuza chupa ya maji ya kunywa uangalie kitako. Kuna pembetatu yenye namba 1, alama ya plastiki iitwayo PET. Mfuniko wake ni plastiki nyingine kabisa, ya namba 2 au 5. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 12 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja ni chupa kati ya 50 na 80. Sasa piga hesabu ya chupa iliyobaki robo ya maji: hayo maji ni gramu 125, uzito wa chupa tupu saba hivi. Mnunuzi aliyekwisha kupunjwa namna hiyo huanza kukata uzito kwa kila anayekuja, na anayeumia ni yule aliyeleta kavu.

Kwa hiyo mwaga maji yote, fungua mfuniko uuweke kwenye mfuko wake, bandua lebo, kisha ponda chupa kwa mguu. Chupa iliyofungwa ikiwa na hewa ndani haibanwi sawasawa kwenye mashine ya kufunga marobota, na ikibanwa sana hupasuka.

Kiwandani chupa hupangwa kwa rangi (nyeupe angavu ndiyo yenye soko pana zaidi), husagwa kuwa vipande vidogo, huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda, halafu hutumbukizwa kwenye tangi la maji. PET huzama, mabaki ya mifuniko huelea na kuchotwa. Tatizo ni PVC, plastiki ya mabomba na ya baadhi ya vifungashio. Nayo huzama, kwa hiyo tangi haliwezi kuitenga. PET huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi. PVC huanza kuungua kabla ya kufika huko, ikaiachia PET madoa meusi na rangi ya manjano. Kipande kidogo tu huharibu shehena kubwa. Chupa iliyowekwa mafuta ya taa nayo usiichanganye na nyingine, maana harufu huingia ndani ya plastiki na haitoki kwa kuosha.

"Mifuko mbadala ni kitambaa"

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na mitaro yetu ilipata nafuu kubwa. Lakini mfuko mbadala ule laini wa sokoni, unaoshikika kama kitambaa, umetengenezwa kwa polipropilini. Ni plastiki ya namba 5. Ukichanika na kuachwa juani hupukutika kuwa chembechembe zinazosombwa na mvua hadi mtoni. Faida yake inatokana na kutumiwa safari nyingi. Kuuchukua mpya kila ukienda Kariakoo ni kurudi tulikotoka.

Pakiti za kripsi, biskuti na sabuni ya unga zina tabaka za plastiki tofauti, nyingine zikiwa na alumini, zilizogandishwa pamoja. Mnunuzi wa mtaani hazitaki, na ana sababu.

"Taka za jikoni zitaoza zenyewe, hazina hasara"

Hapa ndipo penye uzito, kwa sababu zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Zikifukiwa dampo bila hewa huoza kwa kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Zikipata hewa huwa mboji. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani. Lakini hata uani panafaa.

Lundo liwe na upana, urefu na kimo cha karibu mita moja. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Anza na vijiti kwa chini ili hewa ipite. Kwa kila ndoo moja ya maganda mabichi, weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: majani makavu, maranda ya mbao isiyopakwa dawa, maboksi yaliyochanwa. Kamua konzi moja ya lundo: itoe tone moja au mawili, isichuruzike. Ndani ya siku chache katikati huweza kufika nyuzi 55 hadi 65. Geuza kila wiki, na baada ya miezi miwili hadi mitatu itakuwa nyeusi, yenye harufu ya udongo wa mvua.

Likinuka, limelowa mno au limekosa hewa: geuza, ongeza vikavu. Likijaa siafu au sisimizi, limekauka: nyunyizia maji. Panya huja kwa nyama, samaki na ubwabwa, hivyo usiviweke. Machicha ya nazi yanafaa kwa kiasi, yakizidi hugandamana. Vifuu havitaoza kwa muda huo. Peleka jikoni viwe kuni. Masika funika kwa turubai, la sivyo mvua itachuja rutuba yote.

"Kuchoma ni usafi"

Hapana. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa masizi na sumu, na PVC huweza kutoa sumu kali iitwayo dayoksini. Majivu hayo usiyapeleke kwenye mchicha.

"Faida ya kutenganisha taka ni ya mazingira, afya ni jambo lingine"

Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hufurika, na mitaro iliyozibwa na chupa huongeza balaa. Dengi iliyoipiga Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019 huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayetaga kwenye maji machache sana: tairi, kopo, kifuu, hata mfuniko wa chupa uliolala chali. Kwa joto letu yai hufikia mbu mzima kwa siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo maana stoo ya chupa na matairi lazima iwe na paa. Lundo la kusubiri mnunuzi kwenye mvua ni shamba la mbu. Na sindano za insulini zisiingie kiroba cha vikavu kamwe. Mikono inayokifungua mara nyingi haina glovu. Ziweke kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, uzirudishe kituo cha afya.

"Betri ya gari ni chuma chakavu kama vingine"

Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na ndani kuna asidi ya salfa. Kuipasua na kumwaga asidi ili ibaki risasi ya kuuza huacha madini hayo kwenye udongo wanaochezea watoto, nayo hudhuru ubongo wao hata kwa kiwango kidogo. Isimamishe wima, vifuniko vyake vikiwa vimefungwa, ndani ya beseni la plastiki na chini ya paa, hadi mnunuzi mwenye kibali cha serikali cha taka hatarishi aichukue nzima.